Jenerali Anapohojiwa Kongresi Kuhusu Vita: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Kikao na Kupima Majibu

Septemba 11, 2007, katika kikao cha kamati ya Seneti mjini Washington, Seneta John Warner wa Virginia, mzee wa miaka mingi bungeni, alimuuliza Jenerali David Petraeus swali ambalo mtoto wa darasa la nne angelielewa: mkakati huu unaifanya Marekani iwe salama zaidi? Petraeus, kamanda wa majeshi ya Marekani na washirika wake nchini Iraq, alikuwa amekuja na chati za rangi na takwimu za miezi mingi, na jana yake alikuwa ameshinda akijibu maswali ya Baraza la Wawakilishi. Akajibu kwamba kwa kweli hajui, hajakaa akalipambanua hilo kichwani mwake.

Nimerudia kutazama dakika zile mara nyingi, na kila mara hunijia wazo lilelile. Katika siku mbili za maswali, maseneta na wawakilishi wengi walioipinga vita walifoka, walihutubia na walikunja ndita. Swali lililofungua mlango lilitoka kwa mtu wa chama cha Rais Bush mwenyewe, mpole wa sauti, aliyewahi kuwa waziri wa jeshi la majini. Lilikuwa fupi, na halikuwa na pa kukwepea.

Wengi wetu, tuwe Mombasa, Dodoma, Bukavu au Minneapolis, tunavipata vikao hivi vikiwa vipande vya sekunde thelathini kwenye simu: mwanasiasa anapiga meza, jenerali anakaza uso, mtu anaandika juu yake "amenyolewa bila maji". Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kukaa na kikao kizima, atoke akijua kilichosemwa, kilichofichwa, na nani alifanya kazi yake. Ni kazi ya saa nne tano, na wanaokufa vitani wanastahili saa hizo.

Hatua ya kwanza: jua aliyekaa mezani anaamua nini

Kosa la kwanza la mtazamaji, na la wanasiasa wengi pia, ni kumuuliza mtu jambo lisilo mikononi mwake. Amri ya vita ya Marekani hutoka kwa Rais, hupita kwa Waziri wa Ulinzi, kisha huenda kwa kamanda wa eneo. Mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, pamoja na nyota zake nne, hayumo kwenye mnyororo huo. Sheria ya mwaka 1986 iitwayo Goldwater-Nichols ilimfanya kuwa mshauri mkuu wa kijeshi wa Rais. Anashauri, haamuru vikosi.

Kwa hiyo kabla kikao hakijaanza, andika majina ya mashahidi na mbele ya kila jina weka neno moja: anaamua, anashauri, au anatekeleza. Septemba 28, 2021, Kamati ya Seneti ya Huduma za Kijeshi ilipoitisha kikao kuhusu kuondoka Afghanistan, mezani walikuwa watatu: Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin, Jenerali Mark Milley, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi na hivyo mshauri, na Jenerali Kenneth McKenzie aliyekuwa kamanda wa eneo. Seneta Tom Cotton alimuuliza Milley kwa nini hajajiuzulu baada ya ushauri wake kukataliwa. Milley alijibu kwamba baba yake hakuwa na nafasi ya kujiuzulu kule Iwo Jima, kisiwa cha Japani alikopigana katika Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba nchi haitaki majenerali wanaochagua amri za kutii. Jibu lile lilizunguka dunia nzima. Lakini ukiwa umeandika neno "anashauri" mbele ya jina lake, utaona kwamba swali lenyewe lilimtaka abebe mzigo wa uamuzi uliofanywa na mwingine.

Hatua ya pili: jua ni kamati gani

Kamati za Huduma za Kijeshi, moja katika kila baraza la Kongresi, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, husimamia jeshi lenyewe: askari, silaha, makamanda. Kamati za Mambo ya Nje hushughulikia sababu za vita na uhusiano na mataifa. Kamati za Matumizi ndizo zenye fedha. Jenerali huyohuyo akipita kamati mbili siku moja, kama Petraeus siku ile ya Septemba 2007, atapata maswali ya aina mbili tofauti, nawe usishangae.

Kila mjumbe ana muda wake. Katika Baraza la Wawakilishi ni dakika tano, swali na jibu vyote humo humo. Seneti mara nyingi hutoa tano au saba, kadiri mwenyekiti atakavyoona. Zamu hupokezana kati ya vyama. Dakika hizo ndizo zinazoamua kila kitu, na jenerali mzoefu huzijua kuliko anayemuuliza.

Vikao vingi huanza asubuhi, saa tatu na nusu au saa nne kwa saa za Washington. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni jioni: saa kumi na moja hivi wakati wa kiangazi chao, saa kumi na mbili wakati wa baridi. Kamati hurusha matangazo kwenye tovuti zao, na televisheni ya C-SPAN, iliyoanza mwaka 1979, huhifadhi video unazoweza kutazama bure miaka mingi baadaye.

Hatua ya tatu: soma kabla ya kusikiliza

Hapa ndipo wengi huchoka mapema, nami naomba usichoke. Mashahidi huleta ushahidi wa maandishi, na kamati huuweka mtandaoni. Usome wote. Tafuta vitu viwili tu: lengo la vita limeelezwaje, na maendeleo yamepimwa kwa kipimo gani.

Kisha tafuta kipimo cha mtu mwingine. Mwaka 2007 Kongresi ilikuwa imefanya jambo la busara: kwa sheria ya Mei mwaka ule iliweka vigezo 18 ambavyo serikali ya Iraq ilipaswa kuvitimiza, na ikaagiza ofisi yake ya ukaguzi, GAO, itoe taarifa yake yenyewe. Siku chache kabla Petraeus hajaketi, wakaguzi walisema vigezo 3 vimetimizwa, 4 kwa sehemu, na 11 bado. Jenerali alikuja na chati zilizoonyesha vurugu zikishuka, wakaguzi wakasema haikuwa wazi kama vurugu za kimadhehebu zimepungua.

Mwenye karatasi zote mbili mkononi alisikia kikao kingine kabisa. Aliweza kuona kwamba kuongeza askari, hatua iliyotangazwa Januari 2007 na kufikia takriban 30,000 wa nyongeza, kulikuwa na madhumuni ya kuwapa wanasiasa wa Baghdad nafasi ya kupatana. Hivyo hata kama chati za jenerali zilikuwa sahihi tupu, swali lililobaki lilikuwa: na huko kupatana kuko wapi? Na swali hilo lilimhusu zaidi Ryan Crocker, balozi wa Marekani nchini Iraq, aliyeketi na jenerali mezani, ambaye kamera nyingi hazikumjali.

Hatua ya nne: pima swali kabla ya kupima jibu

Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza andika swali kwa maneno yako, sentensi moja. Ya pili andika muda alioutumia muulizaji kabla hajafika kwenye alama ya kuuliza. Ya tatu acha kwa ajili ya jibu. Ukishindwa kuandika swali kwa sentensi moja, basi hapakuwa na swali, ilikuwa hotuba.

Mifano mizuri ya kujifunzia ipo. Siku hiyohiyo ya Warner, katika Kamati ya Mambo ya Nje, Barack Obama, wakati huo seneta anayewania urais na mpinzani wa vita tangu mwanzo, alitumia karibu dakika zake zote kueleza msimamo wake, hadi mwenyewe akakiri kwamba muda wa kuuliza umebaki kidogo. Hillary Clinton alimwambia Petraeus kwamba kuzikubali taarifa zake kunahitaji mtu aweke kando kutokuamini kwake. Kauli ile ilitangazwa kila mahali, lakini haikuwa swali, na jenerali hakulazimika kuijibu.

Aprili 8, 2008, Petraeus na Crocker waliporudi, Obama alikuwa amejifunza. Safari hii aliuliza: tukifika hali ambayo si nzuri sana, yenye vurugu za hapa na pale lakini bila mlipuko mkubwa, je, tunaweza kusema inatosha na kuanza kuondoka? Alitaka kujua mwisho wa safari uko wapi. Ukilinganisha vikao hivyo viwili utajifunza zaidi ya ninavyoweza kukueleza hapa: mtu yuleyule, vita vilevile, mashahidi walewale. Cha pili kiliwalazimu mashahidi kufikiri kwa sauti.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Februari 25, 2003, wiki chache kabla Iraq haijavamiwa. Seneta Carl Levin wa Michigan alimuuliza Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu, ni askari wangapi wangehitajika kuikalia Iraq baada ya ushindi. Shinseki akafanya wanavyofanya wote: idadi kamili, akasema, ningewaachia makamanda wa eneo. Hapo waulizaji wengi wangeshukuru na kuendelea. Levin akaomba walau kadirio, kati ya hapa na hapa. Jenerali akasema: askari laki kadhaa.

Siku mbili baadaye Naibu Waziri wa Ulinzi, Paul Wolfowitz, aliiambia kamati nyingine kwamba kadirio hilo limekosea vibaya. Shinseki alistaafu Juni mwaka ule. Novemba 2006, Iraq ikiwaka, Jenerali John Abizaid, aliyekuwa kamanda wa eneo lote, aliketi mbele ya kamati ileile ya Seneti na kukiri kwamba Shinseki alikuwa sahihi, vikosi zaidi vilihitajika mara baada ya mapigano makubwa.

Yote hayo yalitokana na swali la nyongeza la maneno machache. Kwa hiyo weka alama ya nyota kwenye daftari kila unapomwona muulizaji anarudi mara ya pili kwenye jambo lilelile. Hao ndio wa kufuatilia, wawe wa chama chochote.

Hatua ya tano: zijue chenga

Majenerali ni watu wenye heshima zao na wengi wanasema kweli. Lakini wamefundwa kujibu. Ukikaa na vikao vitano utaanza kuzitambua chenga kabla mtu hajamaliza sentensi.

Ya kwanza ni "itategemea hali ya uwanjani". Hii ni kweli daima, na ndiyo sababu haijibu kitu. Dawa yake ni kuuliza: hali ipi, tuitambue kwa alama gani? Ya pili ni "hilo ni suala la kufikirika, sitalizungumzia". Dawa ni kulirudisha kwenye jambo lililokwisha kutokea. Ya tatu ni siri za ulinzi: "tutalizungumza kwenye kikao cha faragha". Mara nyingine ni haki kabisa, maana maisha ya askari yako hatarini, na mjumbe mwerevu hujibu kwa kutaja tarehe ya kikao hicho palepale mbele ya wote. Ya nne ni "nitakuletea jibu kwa maandishi". Iandike kwa wino mwekundu, tutairudia.

Ya tano ndiyo ngumu: "ushauri wangu kwa Rais ni wa siri kati yetu". Hapa ipo njia halali ambayo kila anayefuatilia anapaswa kuijua. Majenerali wanapothibitishwa na Seneti, kamati huwauliza kama watakubali kutoa maoni yao binafsi wakiulizwa, hata yakitofautiana na ya serikali iliyopo. Hukubali. Ahadi hiyo ndiyo ufunguo. Mwaka 2021 Milley na McKenzie walikataa kueleza walichomwambia Rais Biden faraghani, lakini walipoulizwa maoni yao wenyewe, walisema waliona ni vyema kubakisha askari 2,500 Afghanistan. Mwezi mmoja nyuma Rais alikuwa ameiambia televisheni ya ABC kwamba hakumbuki kuambiwa hivyo. Ukweli ulitoka bila mtu kuvunja siri, kwa sababu swali lilipita mlango ulio wazi.

Chenga ya sita haifanywi na jenerali. Hufanywa na saa. Shahidi akianza kwa kumshukuru mheshimiwa, akasifu vijana wetu walioko mbali, akaeleza historia ya jimbo husika, dakika mbili zimekwenda. Muulizaji mzuri humkatiza kwa adabu. Watazamaji wengi humwona mkorofi, mimi namwona anaijua kazi yake.

Hatua ya sita: tenganisha vita na mpiganaji

Siku Petraeus alipoanza kuhojiwa, kundi la MoveOn lililopinga vita lililipia tangazo katika New York Times lililochezea jina lake kuonyesha kwamba ni msaliti. Siku kumi baadaye Seneti, ambayo wapinzani wa vita walikuwa na wingi mdogo ndani yake, ilipiga kura 72 kwa 25 kulilaani tangazo. Katikati ya hapo, Septemba 19, hoja ya Seneta Jim Webb ya kuhakikisha askari anakaa nyumbani muda sawa na aliokaa vitani ilipata kura 56 dhidi ya 44, ikakwama kwa kukosa kura 60 zilizohitajika ili ipite.

Sisemi tangazo ndilo lililoiangusha hoja ya Webb. Nasema wiki ile, badala ya nchi kujadili miezi ya mwanajeshi mbali na watoto wake, ilijadili heshima ya jenerali mmoja. Inaniuma hadi leo. Kwa hiyo kwenye daftari lako, swali lolote linalomshambulia shahidi badala ya mkakati, liwekee mstari, hata kama moyoni unakubaliana na anayeuliza.

Hatua ya saba: fuata kilichotokea baada ya kamera kuzimwa

Kikao ni mwanzo. Wajumbe hutuma maswali ya maandishi baadaye, na majibu huchapishwa pamoja na kumbukumbu rasmi, jamaa ya Hansadi tuliyoizoea bungeni kwetu. Huchukua miezi. Rudi kwenye ule wino mwekundu utafute jibu lililoahidiwa. Mara kadhaa habari nzito kuliko yote imo humo, ukurasa ambao hakuna mwandishi aliyeufungua.

Kisha fuata fedha, maana huko ndiko Kongresi ilikoshika mpini. Seneta William Fulbright alianza kuwahoji wakuu kuhusu Vietnam mbele ya televisheni Februari 1966, mwaka mmoja na nusu baada ya yeye mwenyewe kusaidia kupitisha azimio la Ghuba ya Tonkin, lililompa Rais ruhusa ya kupigana huko, ambalo katika Seneti lilipingwa na watu wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening. Maswali yale yalibadili mawazo ya wengi, lakini mabomu hayakukoma kwa maswali. Fedha za operesheni za mapigano Indochina, yaani Vietnam na jirani zake, zilikatwa kwa sheria kuanzia Agosti 15, 1973. Mwaka huohuo, Novemba, Kongresi ilipitisha sheria ya mamlaka ya vita juu ya kura ya turufu ya Rais Nixon: Rais akipeleka majeshi vitani bila idhini, ana siku 60, na nyingine 30 za kuondoka. Mei 1, 2007, Rais Bush alipiga turufu muswada wa fedha uliokuwa na ratiba ya kuondoka Iraq, na Kongresi haikuwa na kura za kumshinda. Kwa hiyo kila mjumbe aliyemfokea jenerali, tafuta kura yake kwenye muswada wa fedha. Kura zote zinazopigwa kwa majina ziko wazi mtandaoni.

Hatua ya nane: kikao kinachotuhusu

Watu wa pwani yetu wanayo sababu ya karibu. Januari 5, 2020, al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuharibu ndege. Kabla mwezi haujaisha, Januari 30, Jenerali Stephen Townsend wa kamandi ya Afrika, AFRICOM, aliketi mbele ya Kamati ya Seneti ya Huduma za Kijeshi na kukiri kwamba hawakuwa wamejiandaa inavyotakiwa. Miaka miwili na ushee kabla, baada ya askari wanne wa Marekani kuuawa Tongo Tongo, Niger, Oktoba 2017, Seneta Lindsey Graham alisema wazi kwamba hakujua Marekani ina askari karibu 1,000 kule. Ikiwa seneta wa kamati ya jeshi hakujua, mvuvi wa Lamu angejua vipi?

Kamanda wa AFRICOM huhojiwa na kamati hizo kila mwaka, mara nyingi mwezi Machi. Somalia hutajwa na Kenya hutajwa, kwa dakika chache mno. Kama una uraia wa Marekani, wiki mbili kabla ya kikao piga simu kituo cha simu cha Kongresi, 202-224-3121, uombe ofisi ya mwakilishi wako, na ikiwa yumo katika kamati hizo, mpe msaidizi wake swali moja lililoandikwa. Moja tu, la sentensi moja, lenye mahali na tarehe. Kwa mfano: raia wangapi wa Somalia wamethibitishwa kuuawa kwa mashambulizi ya anga ya Marekani mwaka jana, na familia ngapi zimelipwa? Omba liulizwe mezani, na likikosa nafasi liingie kwenye maswali ya maandishi. Mwulize msaidizi jina lake, andika siku mliyoongea, na umpigie tena kikao kikiisha.